Mchakamchaka na Sinia: Kinachomrudisha Mtu Mazoezini

Katika Kiswahili cha Tanzania, mbio za pole zinazokimbiwa kwa kundi, kwa hatua zilizolingana na kwa nyimbo ambazo mmoja huimbisha na wengine huitikia, huitwa mchakamchaka, na vizazi kadhaa vimeufahamu utaratibu huo katika viwanja vya shule za msingi kabla ya kengele ya asubuhi, na katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lilianzishwa mwaka 1963. Nyimbo zake zimebeba siasa za kila zama, zikiwamo zile zilizoenea baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na wapo wengi waliolelewa katika shule hizo ambao wameyasahau masomo lakini nyimbo hawajazisahau. Leo utaratibu uleule umerudi mitaani kwa hiari ya watu wenyewe: vikundi vya jogingi, kama vinavyojiita, huonekana alfajiri za mwisho wa wiki katika barabara za Temeke, Ilala na Kinondoni jijini Dar es Salaam, vikiwa na fulana za rangi moja, filimbi, na mtu wa kuzuia magari kwa kitambaa chekundu. Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuhimiza mazoezi kitaifa. Mwaka huohuo jiji la Kigali lilianza kufunga baadhi ya barabara kuu kwa magari katika asubuhi maalumu za Jumapili ili watu watembee na kukimbia.

Kuanza, basi, si jambo gumu. Ugumu uko katika wiki ya sita au ya saba, wakati fulana imekwisha kufuliwa mara kadhaa, viungo vimezoea maumivu ya mwanzo lakini kitambi hakijapungua kwa kadiri iliyotarajiwa, na saa kumi na moja ya alfajiri inamkuta mtu kitandani akijadiliana na nafsi yake. Wanasaikolojia huita msukumo unaomfanya mtu atende jambo motisha, na huitofautisha motisha ya nje, yaani ile inayotokana na zawadi, sifa au woga wa kulaumiwa, na motisha ya ndani, yaani ile inayotokana na ladha ya jambo lenyewe. Edward Deci na Richard Ryan, ambao nadharia yao kuhusu suala hili imetumiwa sana tangu miaka ya 1980, walieleza kuwa motisha ya ndani hustawi pale mtu anapojihisi ana hiari katika jambo analolifanya, analimudu, na ameungana na wengine. Hata hivyo, motisha ya aina yoyote hupanda na kushuka kama maji ya pwani, na mpango wa mazoezi unaoitegemea hiyo peke yake huishia pale maji yanapokupwa.

Kundi hufanya kazi kwa njia nyingine, na jamii za Waswahili zinaijua njia hiyo vizuri ingawa hazijazoea kuihusisha na mazoezi. Katika upatu, ambao kwingine huitwa kibati au mchezo, mwanachama hutoa fedha yake kila wiki hata siku ambayo hana hamu kabisa ya kuitoa, kwa sababu kuna mtu mwenye jina na sura ambaye zamu yake imefika na anasubiri. Kikundi cha jogingi kinachodumu huwa na sifa hiyohiyo ya upatu: asiyefika hujulikana hakufika, huulizwa jioni kama anaumwa, na pengine hutozwa faini ndogo inayoingia katika mfuko wa maji ya kunywa. Kinachomtoa mtu kitandani si wazo la afya yake ya miaka ishirini ijayo, wazo ambalo alfajiri huwa mbali mno, bali ni watu wawili wanaomngoja kwenye kona ya mtaa.

Jambo hilo limechunguzwa kitaalamu kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1920 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Otto Köhler, aliwapima wanachama wa klabu ya wapiga makasia ya Berlin kwa kuwapa uzito wa kuinua, kwanza kila mmoja peke yake na kisha kwa pamoja, katika hali ambayo mmoja akiacha, kazi ya wote ilikuwa inakwama, na akaona kuwa aliye dhaifu zaidi alidumu kwa muda mrefu kuliko alipokuwa peke yake. Faida hiyo, ambayo leo huitwa athari ya Köhler, ilikuwa kubwa zaidi pale tofauti ya nguvu baina ya wenzi ilipokuwa ya wastani; ilipungua walipolingana kabisa, na ilipungua pia pale mmoja alipomzidi mwenzake kupita kiasi. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha Oxford, wakiongozwa na Emma Cohen, walionyesha kwamba wapiga makasia waliofanya mazoezi ya dakika 45 kwa pamoja, wakienda kwa mapigo yanayolingana, waliweza baadaye kustahimili maumivu zaidi kuliko walipofanya mazoezi yaleyale kila mmoja peke yake. Watafiti hao waliihusisha hali hiyo na endofini, yaani kemikali ambazo mwili wenyewe huzitoa kutuliza maumivu na kuleta hali ya furaha. Msomaji aliyewahi kukimbia mchakamchaka hatashangaa, kwa kuwa hatua zilizolingana na wimbo wa kuitikiana vilikuwa vikifanya kazi hiyo kabla haijapimwa maabara.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba kundi lolote linatosha. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio ya kuvuta kamba, ambayo yalionyesha kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu pungufu, na sehemu ya sababu ni kwamba katika umati mchango wa mtu mmoja hauonekani. Kikundi cha watu mia moja na hamsini kinapendeza barabarani na katika picha, lakini ndani yake mtu anaweza kutoweka kwa mwezi mzima bila yeyote kugundua. Kwa hiyo vikundi vikubwa vyenye busara hugawanyika katika vijikundi vya watu wanane au kumi wanaokaribiana kwa kasi na kwa makazi, ambao kila mmoja anayo namba ya simu ya mwenzake. Nguvu ya kuunganisha iliyomo katika mbio za pamoja ni kubwa kiasi kwamba serikali ya Burundi, mnamo Machi 2014, ilizipiga marufuku mbio za makundi mjini bila kibali, ikihofia kwamba zilikuwa zikitumiwa na wapinzani kujikusanya. Ni nadra zoezi la viungo kupewa heshima ya namna hiyo.

Kundi humvusha mwanachama mpaka jambo ligeuke mazoea, yaani tendo linalofanyika bila kujadiliwa, na safari hiyo ni ndefu kuliko inavyotangazwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ulioongozwa na Phillippa Lally wa University College London na kuhusisha watu 96 kwa wiki 12, uliwataka washiriki wachague tendo moja la kila siku, kama vile kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kwa dakika 15 kabla ya chakula cha jioni. Ulikadiria kwamba ilichukua siku 66 kwa wastani tendo kuwa mazoea, ingawa baadhi walihitaji siku 18 tu na wengine wangehitaji hadi siku 254. Lililo muhimu zaidi kwa mtu wa kawaida ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea. Masika yatanyesha, mtoto ataumwa, na Ramadhani itabadilisha saa za kula na kulala, hivi kwamba mfungaji pengine atahamisha matembezi yake yawe muda mfupi kabla ya futari au baada ya tarawehe. Hayo yote hayavunji mpango, na kinachouvunja ni ile dhana kwamba aliyekosa wiki moja hana budi kuanza upya, au asianze tena kabisa.

Sababu nyingine ya watu kuacha ni kasi. Wageni wengi hukimbizwa na wenyeji mpaka watapike siku ya kwanza, jambo ambalo huchukuliwa kama ubatizo, ilhali kwa nadharia ya Deci na Ryan ni njia ya hakika ya kumfundisha mtu kwamba halimudu jambo hili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo mtu anahema zaidi ya kawaida lakini bado anaweza kuzungumza na aliye pembeni yake, ingawa hawezi kuimba. Na kwa mtu mwenye presha, kisukari au uzito mkubwa, kutembea kwa haraka hutosha kabisa kufikia kiwango hicho, baada ya kuzungumza na daktari.

Penye utata zaidi ni mezani. Vikundi vingi humaliza mbio kwa supu na chapati, na siku ya bonanza, yaani tamasha la vikundi kadhaa kukutana, kwa nyama choma, soda na bia. Mtu wa kilo 70 anayekimbia kilomita 5 hutumia takriban kilokalori 350, kipimo cha nishati ambacho hutumiwa pia kwa chakula, na bia mbili za nusu lita pekee huweza kurudisha zaidi ya hizo kabla nyama haijafika. Isieleweke kwamba mkutano huo wa supu ni kosa, kwa sababu ndio saruji ya kundi, na kiongozi atakayeufuta kwa jina la afya ataamka Jumamosi ijayo akiwa peke yake. Kinachobadilika kwa urahisi ni kilichomo ndani yake: sahani ya matikiti na machungwa itangulie, maji yawe mengi kuliko soda, na chapati ipishe ndizi za kuchemsha au viazi vitamu.

Nyumbani suala ni zito zaidi, kwa sababu ulaji wa Waswahili ni wa sinia na chungu kimoja, na mtu mmoja aliyeamua kula kwa uangalifu hawezi kupikiwa peke yake bila kuonekana mgonjwa au mwenye maringo. Ushauri unaomlenga mlaji mmoja huanguka hapo, na mara nyingi husahau kwamba anayekimbia alfajiri na anayeshika chupa ya mafuta jikoni si mtu yuleyule. Familia inayohama kutoka sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, kwenda dona, ambao husagwa pamoja na pumba na kiini, hupata nyuzinyuzi na vitamini zaidi kwa watu wote waliozunguka sinia, bila mtu kutengwa, ingawa dona bado ina sifa mbaya ya kuwa chakula cha mabweni na magereza na hivyo huhitaji kutetewa mbele ya wageni. Mchicha, matembele, kisamvu, kunde, maharage na dagaa vinapatikana katika kila soko, na havihitaji kununuliwa kwa jina la kigeni wala kwa bei ya duka la vyakula vya afya.

Sukari ya chai inastahili hesabu yake. Kijiko kidogo kina takriban gramu 4, kwa hiyo anayekunywa vikombe vitatu kwa siku vyenye vijiko vitatu kila kimoja ameshakula gramu 36 kabla ya andazi na soda, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Ulimi huzoea utamu pungufu ukipewa muda, na kijiko kinachopunguzwa kwa nusu kila baada ya wiki mbili hakileti ugomvi nyumbani.

Katika mambo haya, vikundi hukosea zaidi vinapopimana uzito hadharani, kwa kuwa mizani haitofautishi maji, misuli na mafuta, na aibu ya namba humwondoa hasa yule aliyehitaji kundi kuliko wengine. Wanawake, ambao wengi wao huzingatia pia usalama wa barabara zenye giza, vazi la stara na gharama ya nywele zilizosukwa jana, wameanzisha mahali pengi vikundi vyao wenyewe, na daftari la mahudhurio katika vikundi hivyo huwa na safu mbili tu: waliofika, na waliopigiwa simu.