Maumivu ya tumbo baada ya kula si ya kufikirika

WATU wengi wanaoumwa tumbo kila wanapokula, ilhali vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe, wamekuwa wakiambiwa kuwa tatizo lao limo akilini.

Utafiti uliochapishwa Januari 2021 katika jarida la Nature umeonyesha kuwa chanzo chaweza kuwa ndani ya utumbo wenyewe.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji, wakiongozwa na Profesa Guy Boeckxstaens, waliwaambukiza panya bakteria wa tumbo huku wakiwalisha protini ya yai. Baada ya kupona, panya hao walipopewa tena protini ile walionyesha dalili za maumivu. Wale ambao hawakuambukizwa hawakudhurika.

Yaelekea kinga ya mwili, inapopambana na vijidudu, hukihesabu pia chakula kilichopo utumboni kuwa adui. Kikiliwa tena, seli za kinga hutoa kemikali ya histamini, ambayo huchochea mishipa ya fahamu.

Kwa kuwa hali hiyo hutokea utumboni pekee, vipimo vya kawaida vya mzio haviigundui.

Wagonjwa 12 walipochomwa protini za vyakula kama maziwa na ngano kwenye utando wa utumbo, wote walidhurika na angalau chakula kimoja. Miongoni mwa watu wanane wenye afya, walidhurika wawili tu.

Idadi hiyo ni ndogo, lakini inawapa wagonjwa hoja ya kusikilizwa. Hata hivyo, anayetokwa damu chooni au kukonda bila sababu amwone daktari mapema, kwani hizo ni dalili za maradhi mengine.