Kioo Kilicho Mbele ya Kamera Majini

Somo letu la leo ni habari ya kamera iendayo majini, na hasa kioo kinachokaa mbele yake.

Kwanza, mwalimu wenu na aweke bakuli juu ya meza, si la kioo, na ndani yake atie sarafu. Rudini nyuma polepole mpaka ukingo wa bakuli uifiche sarafu. Simameni hapo hapo. Sasa mtu mmoja na amimine maji taratibu. Mnaona nini? Sarafu imetokea, wala hakuna aliyeigusa. Nuru ikitoka majini na kuingia hewani hupinda njia yake. Jicho halijui kwamba nuru imepinda. Hudhani imekuja kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo huiona sarafu juu zaidi ya mahali ilipo.

Kwa sababu hiyo maji huonekana kuwa na kina kidogo kuliko kina chake cha kweli. Ukiyatazama kutoka juu, wima, waona robo tatu tu. Kidimbwi chenye kina cha sentimeta 160 huonekana kana kwamba ni cha sentimeta 120, na tofauti hiyo yatosha kumzamisha mtoto. Ukitazama kwa upande, kutoka ukingoni, udanganyifu huzidi. Ninyi mnaovuka Mto Grumeti na mifugo wakati wa kiangazi, maji yakiwa yametulia na mchanga wa chini unaonekana, pimeni kwa fimbo ndefu kwanza.

Basi, kamera nayo hudanganyika vivyo hivyo. Kamera ya kawaida haiwezi kutiwa majini, hivyo hufungiwa ndani ya sanduku lisilopitisha maji. Sanduku hilo lina dirisha mbele ya lenzi. Nje ya dirisha kuna maji, ndani yake kuna hewa. Hapo ndipo nuru inapopinda. Watu wengi hutumia fedha nyingi kununua lenzi nzuri, kisha huchukua dirisha lolote lililopo dukani. Mimi naona huko ni kununua ng'ombe wa maziwa na kumkamulia katika chungu kilichotoboka.

Madirisha ni ya namna mbili. La kwanza ni dirisha bapa, yaani kioo kilichonyooka kama cha nyumba. Dirisha hili huvuta vitu karibu: samaki aliye umbali wa mita 1 huonekana yuko sentimeta 75 tu, naye huonekana mkubwa zaidi. Lakini hupunguza upana wa kuona. Mnakumbuka kwamba robo ya duara ni nyuzi 90. Lenzi ionayo nyuzi 90 ikiwa nchi kavu, nyuma ya dirisha bapa hubakiwa na nyuzi 64 hivi. Tena pembe za picha huwa na ukungu, na rangi huachana kama za upinde wa mvua.

Je, dirisha bapa ni baya? Hasha. Kwa vitu vidogo ndilo bora. Furu wa Ziwa Victoria aghalabu ni wadogo, wa kujaa kiganjani. Ukitaka kuonyesha magamba ya furu mmoja, tumia lenzi ya kupigia vitu vidogo na dirisha bapa, nalo litakukuzia bila malipo.

Dirisha la pili ni la kuba, yaani limebinuka kwa nje kama nusu ya chungwa. Fikirini gurudumu la baiskeli. Spoku zikitoka katikati zikaenda moja kwa moja hadi kwenye rimu, kila moja huigusa rimu wima. Nuru nayo ikigonga kioo wima haipindi. Kwa hiyo lenzi ikikaa katikati kabisa ya kuba, huona upana wake wote, na pembe za picha huwa safi zaidi. Ikikaa mbele mno au nyuma mno, faida hiyo hupotea. Ndiyo sababu wauzaji huwa na pete za kurefushia, ziwekwazo kati ya sanduku na dirisha. Msizione kuwa ni mapambo. Kila lenzi hutaka pete ya urefu wake.

Lakini kuba nalo lina deni lake. Maji yaliyo mbele yake hugeuza kuba kuwa kama lenzi nyingine, na vitu vyote vya mbali huonekana vimejikusanya karibu na kioo. Hesabu yake ni rahisi: pimeni kutoka katikati ya kuba mpaka kwenye kioo, kisha zidisheni kwa 3. Kuba lenye upana wa sentimeta 20, likiwa nusu kamili ya mpira, lina sentimeta 10 kutoka katikati. Basi hata kitu kilicho mbali sana kitaonekana sentimeta 30 mbele ya kioo. Kuba la upana wa sentimeta 10 hukileta kwenye sentimeta 15. Lenzi isiyoweza kuona vitu vya karibu namna hiyo haitatoa picha safi kamwe, hata ikiwa ya bei kubwa. Ipimeni kabla ya kulipa: wekeni gazeti umbali huo mbele ya mahali kioo kitakapokaa, mpige picha, mjaribu kusoma herufi.

Sasa, ni lipi la kuchagua? Jibu litatoka kwenye maji yenyewe. Kule Kenya, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, kuna chemchemi za Mzima. Maji yake huchujwa na mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu, nayo hutoka maangavu sana. Kuna hata chumba chenye madirisha chini ya maji, mtu huingia akawatazama samaki. Hapo ndipo Alan na Joan Root walipopiga sinema ya viboko wakiwa majini. Katika miaka ya 1970 kiboko mmoja aliwashambulia: jino lake lilipasua kioo cha barakoa ya Joan, naye Alan akaumwa mguu.

Maji yetu ya Mara si kama ya Mzima. Ziwani kuna mimea midogo mingi na udongo uletwao na mito. Mwaka 1997 wataalamu waliochunguza furu walieleza katika jarida la Science kwamba maji yakichafuka, furu majike hushindwa kutambua rangi za madume wao, na aina za furu huchanganyika. Ikiwa samaki mwenyewe hamwoni mwenziwe, kamera itaona nini? Katika maji hayo dawa ni kupunguza maji yaliyo kati ya kioo na kitu. Tumieni lenzi pana na dirisha la kuba, kisha msogee karibu. Lenzi ya kuvuta vitu vya mbali itawaletea picha ya tope tu. Taa ziwekwe pembeni, mbali na lenzi, maana taa ya mbele huangaza kila chembe, kama vumbi katika mwanga wa tochi.

Kusogea karibu ni kwa ziwani, tena mahali palipo salama, na wenyeji waulizwe kwanza habari za mamba na kichocho. Katika Grumeti msiingie kabisa, hata kwa picha ya namna gani.

Kwa kuba, plastiki ngumu hukwaruzika upesi, lakini mikwaruzo midogo hufifia ikijaa maji, tena yaweza kusuguliwa ikaondoka. Kioo cha kweli hakikwaruziki kwa urahisi, ila ni kizito na ghali. Kwa mtu anayeanza, nashauri plastiki.

Zoezi la wiki hii: kuba lina upana wa sentimeta 16, nalo ni nusu kamili ya mpira. Lenzi yenu yaweza kuona vizuri kitu kilicho sentimeta 30 mbele ya kioo au zaidi, lakini si karibu zaidi ya hapo. Je, mtainunua? Andikeni hesabu yenu na sababu zenu, mzisomeane darasani.