Mapambo ya Mazulia ya Uturuki (2): Pindo na Kona Zake

Sehemu ya kwanza ilieleza fundo la Gördes, linalozungushwa kwenye nyuzi mbili za mtande. Leo ni zamu ya pindo, na msomaji wa Shinyanga au Geita anaweza kuanzia dukani kwake, penye kanga. Doti iliyotundikwa sokoni Kahama imepangwa kama zulia la Anatolia: pindo pande zote nne, mji katikati.

Hata jina la kanga, ule msemo wake, lina mwenzake kwenye zulia. Mwaka 1905, katika msikiti wa Alaeddin mjini Konya, yaligunduliwa mazulia yanayodhaniwa kuwa ya karne ya 13, enzi ya Waseljuki. Pindo zake ni pana mno, zimejaa maumbo makubwa yanayofanana na herufi za Kikufi. Hayasomeki. Mfumaji alichukua sura ya maandishi akaacha maneno, na heshima ya maandishi ikabaki palepale. Kanga ilipita njia nyingine: jina lake hukusudiwa kusomwa, na zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kilatini kushika nafasi.

Anayetaka kumjua mfumaji atazame kona.

Vijijini Anatolia, wanawake walifuma kwa kumbukumbu, safu juu ya safu, kutoka chini kwenda juu. Ua la pindo likifika kona, mara nyingi hukatika nusu, na jingine likaanza kupanda ubavuni. Mafundi wa ikulu ya Waosmani, katika karne ya 16, walifuata michoro ya karatasi. Kwao mshazari hukata kona sawasawa na ua hupinda bila kuvunjika. Wapo wanaoiita kona ya kijijini kasoro. Hawamtendei haki mwanamke yule, aliyebeba hesabu ya maelfu ya mafundo kichwani huku mikono ikiendelea na kazi.

Kanga, kwa kuwa huchorwa nzima kabla ya kuchapwa, iko upande wa ikulu. Mwenye doti nyumbani na aitandaze, afuate pindo kwa kidole mpaka kona, aone mchoraji amelipitishaje ua.

Sehemu ijayo itaingia kwenye mji wa zulia: pembenane kubwa zilizovuma Ulaya kwa jina la mchoraji Hans Holbein, aliyeyachora mazulia ya Uturuki kwa uangalifu mkubwa, likiwemo lile lililotandikwa juu ya meza katikati ya mabalozi wawili katika picha yake ya mwaka 1533.