Kupona, Kunawiri na Kunusurika: Maneno Matatu Katika Habari za Lukemia ya Utotoni

Kitenzi "kupona" huonyesha jambo lililokwisha. Asemwapo mtu kuwa amepona, maana yake ni kwamba ugonjwa umemwacha, naye amerudia hali yake ya kwanza. Maana hii yaifaa homa ya malaria; lakini haimtoshi mtu mzima ambaye utotoni aliugua lukemia, yaani saratani ya damu.

Kabla ya mwaka 1948, Sidney Farber wa Boston alipotangaza kwamba aminopterini iliutuliza ugonjwa huu kwa muda, karibu watoto wote walioupata walikufa upesi. Leo, katika nchi zenye matibabu kamili, yapata watoto tisa katika kumi wenye lukemia kali ya limfoblasti huishi miaka mitano na zaidi. Nchini Tanzania watoto hutibiwa katika hospitali kubwa kama Muhimbili, Dar es Salaam, mwendo wa karibu kilomita 300 kutoka Mikumi, na tiba huchukua miaka miwili au zaidi.

Mtoto arudipo Mikumi au Kilosa akiwa amenenepa, husifiwa kuwa "amenawiri", au kwamba "ana afya". Katika mazoea ya lugha, kukonda ni ishara ya maradhi, na unene ni ushahidi wa uzima. Hapa ndipo sifa huweza kuficha hatari. Dawa kama prednisoloni na deksamethasoni huzidisha hamu ya chakula na kudhoofisha kazi ya insulini. Mionzi ya kichwani, ambayo zamani ilitumika sana, yaweza kudhuru sehemu za ubongo ziongozazo ukuaji na shibe. Mionzi ya mwili mzima, itolewayo kabla ya kupandikizwa uboho, huongeza hatari ya kisukari. Madhara hayo huenda yasionekane ila baada ya miaka mingi. Kwa hiyo madaktari huangalia mambo matano: upana wa kiuno, shinikizo la damu, sukari, na aina mbili za mafuta ya damu. Yakiharibika matatu, moyo na mishipa imo hatarini.

Neno "kisukari" nalo lataka uangalifu. Kwa kuwa limetokana na "sukari", huwafanya wengi wadhani kwamba chanzo cha ugonjwa ni utamu tu. Katika mashamba ya miwa ya Ruhembe na Kidodi, kusini mwa Mikumi, dhana hiyo ni rahisi kushika mizizi. Kumbe kwa watu hawa asili ya hatari yaweza kuwa tiba ile ile iliyowaokoa.

Neno lifaalo zaidi ni "manusura", la shina moja na "nusuru", yaani okoa. Katika msemo "nusura afe" shina hilo hukumbusha hatari iliyokaribia mno. Manusura ameokoka, lakini hasemwi kuwa amerudi kama alivyokuwa. Aitwaye hivyo ana sababu ya kuhifadhi cheti chenye majina ya dawa na kiasi cha mionzi aliyopewa, na kukionyesha kwa mganga wa Kilosa au Mikumi apimapo kiuno, shinikizo na sukari. Aambiwaye "umepona" huenda akakitupa.