Kwa Nini Chombo Huenda Mrama

Wanachama wenzangu, wengi wetu tukienda likizo visiwani lazima tuvuke bahari. Leo niwaeleze jambo nililoliona kwanza kwa mjomba, darasani huku Uingereza nikaja kulielewa.

Nilikuwa na miaka 11, tunatoka Nungwi kwenda Mkoani kwa mashua yake ya mashine, msimu wa kaskazi. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na upepo wa kaskazi huvuma kinyume chake. Viwili hivyo vikipingana, mawimbi husongamana, huwa mafupi na yenye kuta kali. Katikati ya safari mashine ikazimika. Mashua ikageuka yenyewe, ikawapa mawimbi ubavu. Abiria wakasimama, wakakimbilia upande mmoja. Mjomba akapiga kelele: "Kaeni chini! Anayesimama anatuzamisha!" Nilidhani ana hasira tu.

Kumbe ni hesabu. Chombo kikiinama, maji hukisukuma juu upande ulioinama, na uzito wake hukivuta chini katikati. Nguvu hizo mbili ndizo hukirudisha wima. Uzito ukipanda juu, kwa watu kusimama au mizigo kuwekwa juu ya paa, nguvu ya kukirudisha hupungua. Maji ya ngamani ni hatari zaidi, maana chombo kikiinama nayo hukimbilia upande huo huo. Ndiyo maana baharia wake alikuwa anafua maji bila kupumzika.

Mashine ilipowaka, mjomba aliirudisha omo kwenye mawimbi, akayakata mshazari kidogo, mwendo wa pole. Pole, lakini si kusimama! Usukani hufanya kazi pale tu maji yanapopita juu yake. Chombo kisicho na mwendo hakina usukani.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama maeneo hayo hayo ya Nungwi ikielekea Pemba, imejaza kupita kiasi. Karibu kila mtaa kwetu ulikuwa na msiba. Nilikumbuka maneno ya mjomba.

Basi jamani, ukifika gatini ukakuta chombo kimejaa pomoni, usipande, hata kama nauli umeshalipa. Uliza majaketi ya kuokolea yako wapi kabla hamjaondoka. Na bahari ikichafuka, kaa chini, hata kama sakafu imelowa.