Je, Wajua? Kijiti cha Mkononi Kilianzia Kwenye Moyo wa Mbwa

Kijiti cha uzazi wa mpango wengi wanakijua. Je, wajua kilikoanzia? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, madaktari Judah Folkman na David Long, wakiwa kwenye kituo cha utafiti cha jeshi la majini la Marekani huko Bethesda, waliona kwamba baadhi ya rangi na dawa hupenya ukuta wa silikoni kidogo kidogo, bila tundu lolote. Wakatia dawa katika vifuko vya silikoni, wakavipandikiza kwenye msuli wa moyo wa mbwa, na mwaka 1964 wakachapisha matokeo. Watafiti wa uzazi wa mpango wakalidaka wazo hilo. Mwaka 1983 Ufini iliidhinisha Norplant, vijiti sita kwa mwanamke mmoja. Jadelle ya leo ni viwili tu, kila kimoja milimita 43, na hutoa homoni kwa miaka 5. Ndani hamna betri wala mashine.

Miaka hiyohiyo ya 1960, karibu na Cambridge, mtafiti Alec Bangham alitia majini mafuta ya kiini cha yai yaitwayo lesithini, akaona kwa hadubini ya elektroni kwamba yanajikunja yenyewe kuwa viputo vidogo mno. Leo viputo vya namna hiyo hubeba amfoterisini B, dawa ya fangasi ambayo ikidungwa peke yake huumiza figo. Utafiti uliofanywa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini uliwapa wagonjwa wa VVU wenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi dozi moja kubwa ya dawa hiyo ndani ya viputo, pamoja na vidonge vya kumeza. Haikuzidiwa na tiba ya zamani ya sindano za siku 7, na madhara yalipungua. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake mwaka 2022.

Na vidonda je? "Kiache kipate hewa," tumeambiwa tangu utotoni. Mtafiti George Winter alilijaribu hilo kwa nguruwe mwaka 1962: majeraha aliyoyafunika kwa plastiki nyembamba yaliota ngozi mpya kwa kasi karibu mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi. Kigaga kikavu huilazimisha ngozi changa ijichimbie njia chini yake. Penye unyevu hutambaa tu juu ya jeraha.

Huko Fortaleza, Brazili, madaktari hufunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato, samaki wa Afrika aliyepelekwa huko mwaka 1971. Sisi tunamkaanga na ngozi yake. Wao hula minofu, na ngozi hutupwa. Kwa tiba, ngozi hiyo husafishwa, hutiwa gliserini, hupigwa mionzi kuua vijidudu. Ina kolajeni nyingi, hunata vizuri, na haibanduliwi kila siku, nafuu kubwa kwa yeyote aliyewahi kubadilishiwa bandeji ya jeraha la moto. Misitu ya California ilipoungua mwishoni mwa 2017, madaktari wa wanyama waliwashonea dubu wawili ngozi hiyo kwenye nyayo, wakaizungushia maganda ya mahindi. Dubu hutafuna bandeji, lakini ngozi na maganda hayo hata wakiyameza hayawadhuru.

Lakini usikimbilie sokoni: ngozi mbichi ya samaki imejaa vijidudu. Ukiungua, acha maji safi ya baridi yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20, usipake dawa ya meno, mafuta wala yai, kisha nenda hospitali.