Lailatul Qadri na Askari Aliye Lindoni

Ramadhani inapoingia kumi lake la mwisho, swali moja huulizwa makambini na katika vituo vya polisi, aghalabu kwa sauti ya chini: je, askari Mwislamu aliyepangiwa zamu ya usiku amekwisha kuukosa usiku wa Lailatul Qadri? Swali hili lina uzito wake. Kurani Tukufu, katika Sura ya 97 yenye aya tano tu, imeutaja usiku huo kuwa ni bora kuliko miezi elfu. Miezi elfu ni miaka 83 na miezi minne, na ni wachache miongoni mwetu watakaojaaliwa kufika umri huo. Basi anayedhani kwamba orodha ya zamu imemnyang'anya usiku huu, anadhani amenyang'anywa kitu kikubwa kuliko maisha yake yote.

Tutazame mfano wa Gashoho, upande wa Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi. Uislamu uliingia nchini humo katika karne ya 19 kwa misafara ya biashara iliyotoka pwani kupitia Ujiji, ukapata nguvu zaidi zama za Wajerumani, ambao askari na watumishi wao wengi walikuwa wasemaji wa Kiswahili. Tangu hapo Mrundi akimwita mtu "Umuswahili" aghalabu humkusudia Mwislamu, ijapokuwa babu na bibi wa mtu huyo walizaliwa mlimani papo hapo. Waislamu ni wachache katika nchi ambayo wengi wa wananchi wake ni Wakristo, lakini Gitega na Muyinga ni miongoni mwa sehemu za bara ambako adhana husikika tangu zamani. Kwa hiyo askari wa Gashoho anaweza kuisikia sauti ya imamu ng'ambo ya bonde ilhali yeye yuko kizuizini, na katika kikosi chake Waislamu wakawa wawili au watatu tu. Orodha ya zamu haiwezi kuachwa wazi kwa ajili yao.

Usiku wenyewe ni upi? Ni usiku ulioteremshwa Kurani. Kwa masimulizi yaliyo mashuhuri, ilikuwa mwaka 610, katika pango la Hira karibu na Makka, ambapo Mtume Muhammad (S.A.W.) alipewa amri ya kwanza, nayo ilikuwa amri ya kusoma. Sura inaeleza kwamba malaika hushuka usiku huo kwa idhini ya Mola wao, kisha inamalizia kwa kuuita usiku wa amani mpaka kuchomoza kwa alfajiri.

Neno hili amani lisipitwe upesi. Vita vilivyoanza Burundi mwezi Oktoba 1993 viliwafanya wananchi wauogope usiku. Kulikuwa na barabara zilizofungwa giza lilipoingia, na pale palipokuwa na amri ya kutotoka nje, mkesha wa msikitini haukuwezekana. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulifungua njia, lakini hata karatasi iliyotiwa sahihi huhitaji mtu wa kusimama nje usiku ili mama na watoto walale. Anayesimama huko anailinda sifa ile ile ambayo Kurani imeupa usiku wa Qadri.

Ama tarehe yake, Mwenyezi Mungu ameificha. Mtume aliagiza utafutwe katika kumi la mwisho, hususan zile tarehe za witiri: 21, 23, 25, 27 na 29. Wengi hushika 27, na sahaba Ubayy bin Kaab alikuwa akiapa kwamba ndio huo. Lakini Ibn Hajar, mwanachuoni wa karne ya 15, alihesabu kauli zaidi ya 40 za wanavyuoni. Sababu ya kufichwa imesimuliwa na Ubada bin Samit, nayo yafaa isomwe katika kila kambi. Mtume alitoka ili awajulishe watu usiku huo, akawakuta Waislamu wawili wakigombana, na elimu ya tarehe ikaondolewa. Ugomvi wa watu wawili tu! Hatukuambiwa walikuwa wakigombea nini, na pengine hakikuwa kitu cha maana.

Sasa turudi kwa mlinzi. Dini haikuwahi kuona ulinzi kuwa ni kizuizi cha ibada. Sura ya nne, aya ya 102, imepanga sala ya vitani kwa zamu: kundi moja lisali, la pili lilinde, kisha wabadilishane, na silaha zisiachwe. Tena imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume aliutaja usiku ulio bora kuliko Lailatul Qadri, nao ni usiku wa mlinzi anayelinda mahali pa hofu, asiyejua kama atarudi kwa watu wake.

Lipo na tukio la Abbad bin Bishr na Ammar bin Yasir. Katika safari ya Dhatur Riqaa waliwekwa mdomoni mwa bonde kulinda jeshi, wakagawana usiku kama tugawanavyo sisi: Abbad akashika nusu ya kwanza, Ammar akalala. Abbad akasimama kusali. Adui akamwona, akampiga mshale, akauchomoa, akaendelea. Ukaja wa pili, na wa tatu. Hapo akarukuu, akasujudu, akamwamsha mwenzake. Ammar alipoiona damu alishangaa kwa nini hakuamshwa tangu mwanzo. Abbad alijibu kwamba alikuwa katika sura ambayo hakupenda kuikata, na kwamba lau si kuogopa kuipoteza sehemu aliyoamriwa na Mtume kuilinda, angalikufa kabla ya kuikatiza. Mtu huyu hakuikata sala kwa uchungu wa mishale mitatu, bali aliikata kwa ajili ya lindo.

Hata hivyo hadithi hizi si ruhusa ya kuacha sala, wala si ruhusa ya kukesha msikitini leo na kusinzia lindoni kesho. Imepokewa kwa Uthman bin Affan kwamba aliyesali Isha kwa jamaa ni kama aliyesimama nusu ya usiku, na akiongeza Alfajiri kwa jamaa ni kama aliyesimama usiku kucha. Aliye zamu ya saa sita hadi saa nane huziwahi zote mbili. Na dua ambayo Bibi Aisha alifundishwa kwa usiku huu, ya kuomba msamaha kwa Mola apendaye kusamehe, ni fupi. Husemwa moyoni na macho yakiwa barabarani.

Anayetaka ruhusa kwa mkuu wake na aangalie hesabu, maana usiku wa Kiislamu hutangulia mchana wake. Usiku wa 27 huanza magharibi ya siku ya 26. Aombaye ruhusa ya jioni ya tarehe 27 ameomba usiku wa 28. Mwenzake Mkristo akimshikia zamu, deni hilo hulipika mkesha wa Noeli.

Abdullah bin Unais naye aliishi mbali, jangwani, akisali huko huko. Alimwomba Mtume amtajie usiku mmoja tu wa kuja msikitini Madina, akaambiwa aje usiku wa 23. Mwanawe alipoulizwa baba yake alikuwa akifanyaje, alieleza kwamba akiisha kusali Alasiri aliingia msikitini, hakutoka kwa haja yoyote mpaka asali Alfajiri. Kisha alimkuta mnyama wake mlangoni, akampanda, akarejea jangwani kwake.